Mishipa mipya ya damu kwenye jicho la mgonjwa wa kisukari: kwa nini tunaizuia

"Mama yangu ana miaka 58, ana kisukari cha aina ya pili kwa miaka 14. Mwezi uliopita alianza kuona nyuzi nyeusi zikielea kwenye jicho la kulia. Hospitali ya rufaa walimtia dawa ya kupanua mboni, wakampiga picha, wakasema mishipa mipya ya damu imeota kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na damu kidogo imevuja. Jicho la kushoto lina mabadiliko lakini mishipa mipya bado. Wanataka kumchoma sindano ya Avastin ndani ya jicho, kisha leza. Sielewi: kama mishipa ya zamani imeziba, si vizuri mwili ukiotesha mingine? Halafu nimesoma kwamba Avastin ni dawa ya saratani, na mama hana saratani. Kinachotuuma zaidi ni kwamba macho yameharibika baada ya yeye kuanza kujitunza: alianza insulini, HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi ya karibuni) ikashuka kutoka 11.9 hadi 7.2 ndani ya miezi minne. Shangazi anasema aache insulini pamoja na aspirini ya moyo kwa sababu ndivyo vinavyoleta damu machoni. Tunaishi Sumbawanga, na kila safari ya hospitali ni nauli ya watu wawili na siku za kazi zinazopotea. Hatuwezi kumtengenezea miwani kwanza tuone?"

Mpe mama pole. Nianze na yale yasiyosubiri maelezo: asiache insulini, asiache aspirini aliyoandikiwa na daktari wa moyo, na matibabu ya jicho la kulia yasingoje miwani. Alicho nacho ni retinopathi ya kisukari, yaani uharibifu wa retina unaoletwa na kisukari, iliyofikia hatua ya kuota mishipa. Hii ndiyo hatua ambayo mtu anaweza kulala anaona na kuamka jicho moja limejaa giza. Pia ni hatua ambayo matibabu yake yamejulikana kwa miaka mingi: utafiti mkubwa wa Marekani wa miaka ya 1970 ulionyesha kwamba leza peke yake hupunguza hatari ya upofu mkubwa kwa zaidi ya nusu.

Swali lako la kwanza lina mantiki kabisa. Kidonda kikipona, mwili huotesha mishipa mipya na tunashukuru. Kwa nini jicho liwe tofauti?

Retina ni utando wa unene wa karibu robo milimita tu, lakini ni miongoni mwa tishu zinazotumia oksijeni nyingi zaidi mwilini. Tabaka lake la nje hulishwa na koroidi, zulia la mishipa lililo nyuma yake. Tabaka la ndani hulishwa na kapilari zake lenyewe, yaani mishipa myembamba kabisa ya damu. Kila kapilari ya retina imekumbatiwa na seli ziitwazo perisiti ambazo huikaza na kuitegemeza, karibu perisiti moja kwa kila seli ya ukuta wa ndani, uwiano ambao sehemu nyingi za mwili hazina. Sukari ikikaa juu kwa miaka, perisiti ndizo hufa mapema. Ukuta uliobaki bila tegemeo hutuna vivimbe vidogo, utando unaouzunguka hunenepa, chembe nyeupe za damu hunasa njiani, na hatimaye kapilari huziba. Hapo kipande cha retina kinabaki hai lakini kina njaa ya oksijeni. Kama kapilari zote zilizoziba zingeua kabisa eneo lao, mishipa mipya isingeota. Tatizo linaanzia kwenye retina iliyo hai, yenye njaa, inayoendelea kuomba.

Huombaje? Kila seli hutengeneza muda wote protini iitwayo HIF-1 alfa na kuiharibu ndani ya dakika chache. Kuiharibu kunahitaji oksijeni: vimeng'enya maalumu hutumia oksijeni kuibandika alama, protini nyingine iitwayo VHL huitambua alama hiyo, na HIF hupelekwa kusagwa. Oksijeni ikipungua, alama haibandikwi. HIF hujikusanya, huingia kwenye kiini cha seli, huungana na mwenzake HIF-1 beta, na kuwasha jeni nyingi za kuokoa maisha. William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2019 kwa kufumbua utaratibu huu. Mojawapo ya jeni zinazowashwa ndiyo inayotusumbua hapa: ya VEGF, protini inayoamuru mishipa iote.

VEGF ina kazi mbili kwa wakati mmoja, na zote mbili zinamhusu mama. Ikishikana na kipokezi chake kwenye ukuta wa mshipa, seli moja hutoa vidole vyembamba na kuanza kutambaa kufuata mahali VEGF ilipo nyingi zaidi. Seli hiyo huziamuru jirani zake, kwa njia ya protini ziitwazo Dll4 na Notch, zisitangulie bali zifuate nyuma na kujenga shina. Ndivyo mshipa unavyorefuka. Kazi ya pili ni kulegeza viungo kati ya seli na seli ili majimaji yapite. Ndiyo maana ilipogunduliwa mara ya kwanza, mwaka 1983, iliitwa protini ya kuvujisha mishipa. Uwezo wake wa kuotesha ulieleweka vizuri baadaye. Majimaji yakivujia kwenye makula, yaani kitovu cha retina tunachosomea na kutambulia sura za watu, mgonjwa huona mistari imepinda na herufi zimefifia.

Sasa utaona kwa nini mishipa hii haisaidii. VEGF iliyotolewa na retina yenye njaa haibaki pale ilipotoka. Humwagika kwenye ute mzito unaojaza jicho na kuenea kote. Mishipa inayoitikia haiingii ndani ya eneo lenye njaa; hutoka kwenye uso wa retina, mara nyingi karibu na mahali mshipa wa fahamu wa jicho unapoanzia, na kutambaa juu ya ngozi ya nyuma ya ule ute. Kwa hiyo retina inabaki na njaa yake, HIF haishuki, VEGF inaendelea kumwagwa. Na mishipa yenyewe imejengwa ovyo. Katika jicho hili kuna protini nyingine, anjiopoietini-2, inayozuia perisiti zisishike vizuri. Matokeo ni kama bomba lililoungwa kwa mpira wa baiskeli: maji yanapita, lakini kila kiungo kinadondosha.

Mishipa hiyo ikishajishikiza kwenye ute, inategemea ute utulie. Haitulii. Kadiri umri unavyosogea, ute husinyaa na kujivuta kutoka kwenye retina, na mshipa dhaifu uliosimama katikati hukatika. Zile nyuzi nyeusi mama anazoziona ni damu ya aina hiyo, kidogo. Baadaye mishipa huzungukwa na kovu, kovu hukaza, na retina inaweza kubanduka kutoka mahali pake. VEGF ikifika mbele ya jicho, mishipa huota juu ya irisi, ile sehemu ya jicho yenye rangi, na kuziba pembe ambamo maji ya jicho hutokea. Hiyo ni presha ya macho ya aina mbaya sana, yenye maumivu makali, na jicho linaweza kupotea haraka likiachwa.

Kuhusu Avastin. Jina lake la kitabibu ni bevasizumabu, na ni kweli ilisajiliwa Marekani mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana. Uvimbe wa saratani nao hukosa oksijeni, huwasha HIF, hutoa VEGF na kujiletea mishipa. Dawa hii ni kingamwili inayokamata VEGF kabla haijafika kwenye kipokezi, basi. Haijui kama VEGF hiyo imetoka kwenye utumbo au kwenye retina. Kipimo ndicho kinachotofautiana: mgonjwa wa saratani ya utumbo mwenye kilo 60 anaweza kupewa miligramu 300 kwenye mshipa kila wiki mbili, ilhali jichoni huwekwa miligramu 1.25, yaani mara 240 pungufu, ndani ya ujazo wa mililita 0.05. Matumizi yake ya jichoni si yale yaliyoandikwa kwenye leseni yake, na ni haki yenu kuambiwa hivyo. Wataalamu wa retina duniani wanaitumia tangu mwaka 2005 kwa sababu inafanya kazi na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na ranibizumabu au afliberseti, ambazo zina leseni ya macho. Ipo pia farisimabu, iliyosajiliwa Marekani mwaka 2022, inayozuia VEGF pamoja na ile anjiopoietini-2. Kwa hali ya mama, sioni sababu ya kuahirisha matibabu mkitafuta dawa ghali.

Jambo la kuuliza hospitali ni hili: sindano zao zinagawanywa wapi? Chupa ya Avastin ni kubwa, hugawanywa kwenye sindano ndogo nyingi, na ugawaji usipofanywa katika mazingira safi kabisa, vijidudu huingia jichoni. Hospitali yenye utaratibu mzuri haikasiriki kuulizwa.

Sindano yenyewe huogopwa kuliko inavyouma. Atatiwa matone ya ganzi, kisha povidoni ayodini ya asilimia 5 juu ya jicho na kwenye kope. Hii ndiyo kinga kuu dhidi ya maambukizi, kwa hiyo ikiwasha avumilie, na kama ana mzio nayo aseme mapema. Kope zitashikwa na kifaa zisifumbe. Daktari atapima milimita 3.5 hadi 4 kutoka ukingo wa sehemu nyeusi ya jicho, ataingiza sindano nyembamba sana kwenye sehemu nyeupe, atasukuma dawa na kutoa. Ni sekunde chache. Baadaye anaweza kuona viputo vyeusi vya duara vikicheza chini kwa siku moja au mbili, na doa jekundu juu ya weupe wa jicho kwa wiki moja au mbili. Hayo hayana neno. Asisugue jicho, na asitie maji ya bomba au dawa ya mitishamba.

Wasichokubali watu kirahisi ni kwamba nguvu ya sindano huisha. Baada ya wiki nne hadi sita hivi kingamwili imepungua jichoni, retina bado ina njaa, na VEGF hupanda tena. Dawa imekamata ujumbe uliokwisha kutumwa, haijamlisha aliyeutuma. Leza hufanya kazi kwa njia nyingine. Daktari hupiga alama ndogo za kuunguza, kwa kawaida 1,200 hadi 1,600 kwa jumla, kwenye pembezoni mwa retina, akiacha makula. Zinazoungua zaidi ni seli za kupokea mwanga, ambazo ndizo zinazokula oksijeni nyingi kuliko zote. Zikipungua, mahitaji yanashuka, na oksijeni ya koroidi iliyokuwa inaliwa njiani inapenya hadi tabaka la ndani. HIF inaanza kusagwa tena, VEGF inashuka, mishipa mipya inasinyaa. Gharama yake ni ya kweli: kuona usiku hupungua, upana wa kuona pembeni nao hupungua kidogo, makula inaweza kuvimba kwa muda, na baadhi ya alama huuma. Tena leza haiongezi kuona. Inalinda kilichopo. Mkijua hivyo kabla, hamtasema baadaye kwamba "leza ndiyo iliyompofusha".

Mwaka 2015 utafiti uitwao Protocol S ulionyesha kwamba sindano za ranibizumabu peke yake hazikuwa duni kuliko leza kwa miaka miwili, na upana wa kuona ulihifadhiwa vizuri zaidi. Mtu akisoma hapo tu anaweza kuikataa leza. Lakini wagonjwa wale walihudhuria kliniki mara kwa mara na walipata takriban sindano kumi kwa miaka miwili. Mwaka 2019 watafiti wengine wa Marekani waliwaangalia wagonjwa waliopotea kliniki kwa zaidi ya miezi sita: waliokuwa wametibiwa kwa sindano tu walirudi na hali mbaya kuliko waliopigwa leza, wakiwemo waliobanduka retina. Kwa familia ya Sumbawanga, swali la dawa gani ni bora linageuka kuwa swali la nauli. Kwa maoni yangu leza kamili ndiyo msingi wa matibabu ya mama, na sindano ni msaidizi: hutuliza mishipa haraka na hukinga makula isivimbe wakati leza ikisubiriwa kuanza kazi, jambo linalochukua wiki kadhaa. Mpango aliopewa ni mzuri. Ombeni tu leza ikamilishwe katika safari chache iwezekanavyo, na mpewe kwenye karatasi idadi ya awamu zilizobaki. Mgonjwa mwenye nusu leza ambaye amerudi nyumbani akidhani amemaliza ni tatizo tunalolikuta mara nyingi mno.

Kabla ya sindano, muulizeni daktari kama kwenye jicho la kulia tayari kuna kovu linalovuta retina. Kovu likiwepo, kuzima VEGF ghafla kunaweza kulifanya likaze kwa nguvu na kuibandua retina, kwa kawaida ndani ya wiki moja hadi sita. Haimaanishi sindano imekatazwa. Maana yake ni kwamba ipangwe karibu na upasuaji, mahali penye daktari wa retina. Mwambieni pia kama mama amepata kiharusi au shambulio la moyo miezi ya karibuni. Umetaja aspirini ya moyo, kwa hiyo hili lisisahaulike.

Sasa insulini, maana hapa ndipo shangazi anapoonekana kuwa na hoja. Ni kweli kwamba sukari iliyokaa juu miaka mingi ikishushwa haraka, retinopathi inaweza kuzidi katika mwaka wa kwanza. Utafiti wa DCCT, uliofanywa kwa watu wenye kisukari cha aina ya kwanza, ulikuta kuzidi huko kwa asilimia 13.1 ya waliodhibitiwa vikali, na asilimia 7.6 ya waliotibiwa kwa njia ya kawaida. Retina iliyokwisha kupoteza kapilari hupata mtikisiko sukari inaposhuka ghafla, na viwango vya homoni ya ukuaji iitwayo IGF-1, inayoshirikiana na VEGF, hubadilika. Hata hivyo wale wale waliodhibitiwa vikali ndio waliomaliza utafiti wakiwa na macho salama zaidi, kwa tofauti kubwa. Kapilari za mama ziliziba katika miaka ya HbA1c ya 11 na 12, si katika miezi minne hii. Kuirudisha sukari juu hakufungui hata kapilari moja. Kilichokosekana, na ambacho kila anayeanza insulini akiwa na HbA1c ya juu hivyo anapaswa kupata, ni kupimwa retina kabla ya kuanza na tena ndani ya miezi michache.

Aspirini ilijaribiwa kwa swali hilohilo la shangazi. Utafiti wa ETDRS uliwapa wagonjwa wenye retinopathi miligramu 650 kila siku, zaidi ya mara nane ya kidonge cha 75 anachoandikiwa mgonjwa wa moyo, na damu ndani ya jicho haikuongezeka. Haikuwasaidia macho pia. Inabaki kwa ajili ya moyo, na moyo unaihitaji.

Presha ya damu ndiyo ambayo hukuitaja na ningependa kuijua. Utafiti wa Uingereza wa UKPDS, mwaka 1998, ulionyesha kwamba kwa waliodhibitiwa presha vikali, wakawa na wastani wa 144/82, kuendelea kwa retinopathi kulipungua kwa karibu theluthi ukilinganisha na wenzao waliokuwa na wastani wa 154/87. Apimwe pia protini kwenye mkojo na kreatinini, kipimo cha damu cha kazi ya figo, kwa sababu figo na retina huharibika pamoja, na figo zikishindwa maji hujaa mwilini na makula huvimba. Kama anatumia pioglitazoni, mojawapo ya vidonge vya kisukari, daktari wa macho ajue. Dawa hiyo inaweza kuongeza uvimbe wa makula.

Wakati damu iliyovuja inasubiri kufyonzwa, alale ameinua kichwa kwa mito miwili au mitatu ili itulie chini, mbali na makula, na kwa wiki hizi asibebe ndoo wala mizigo mizito. Damu ikiongezeka hadi daktari asione retina, leza haipiti. Hapo husubiriwa, au hufanyika upasuaji wa kuondoa ute na damu yake, ambao hufanywa kwenye vituo vichache vyenye daktari wa retina na vifaa vyake.

Safari ya ghafla, bila kujali tarehe ya kliniki, ni kwa haya: mvua ya madoa meusi au pazia linaloshuka kwenye jicho, jicho jekundu lenye maumivu makali, kichwa na kutapika, na baada ya sindano, hasa siku ya pili hadi ya saba, maumivu yanayozidi badala ya kupungua huku kuona kukififia. Hiyo ya mwisho ni dalili ya vijidudu ndani ya jicho. Hutokea mara chache, takriban sindano moja kati ya 2,000 au 3,000, lakini antibiotiki lazima zichomwe ndani ya jicho siku hiyohiyo. Matone ya duka la dawa hayafiki huko. Kabla hamjaondoka hospitali chukueni namba ya simu ya kitengo cha macho, na mkubaliane mtakwenda wapi Sumbawanga au Mbeya ikiwa ni usiku.

Jicho la kushoto lisisahauliwe kwa sababu halijavuja. Lina sukari ileile na miaka ileile 14. Kila safari ya jicho la kulia, ombeni la kushoto lipanuliwe na kuangaliwa pia. Kwa umbali wenu, daktari anaweza kuamua kulipiga leza mapema kuliko ambavyo angefanya kwa mtu anayeishi jirani na hospitali.

Na miwani: msinunue sasa. Sukari inaposhuka lenzi ya jicho hubadilika unene, na namba itakayopimwa wiki hii huenda isimfae baada ya miezi miwili. Sukari ikitulia, leza ikikamilika na makula ikikauka, apimwe upya, na kama kuna mtoto wa jicho ataonekana hapohapo.